Nilimsema mwenye mkahawa kwa Kiswahili, kumbe anasikia kila neno

Kwako Bi Somo,

Assalam aleikum. Mimi ni mama wa miaka 56, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa. Kazi yangu ni upishi wa harusi. Masufuria ya biriani ya watu mia tatu nayasimamia mwenyewe, na mwezi wa Ramadhani nauza bajia, kachiri na mbaazi za nazi barazani kwangu. Nayatanguliza haya ujue kwamba chakula kwangu si jambo dogo, na nadhani hapo ndipo nilipoponzeka.

Binti yangu ni muuguzi Leicester, Uingereza. Mwaka huu alinikatia tikiti nije nimtembelee, na sasa nimebakiza siku tisa nirudi nyumbani. Jumamosi iliyopita aliniambia, "Mama, leo huingii jikoni. Nakupeleka mahali utakaposikia harufu ya kwetu." Tukatoka watu watano: sisi wawili na wenzake watatu wa kazini, wawili Wakenya na mmoja Mfilipino. Alitupeleka Belgrave Road, ile barabara yenye maduka ya dhahabu na sari huku na huku. Mkahawa wenyewe ni mdogo, meza kama kumi na mbili, na ukutani pana picha ya zamani ya duka lenye paa la mabati. Siku ile sikuitazama sana.

Nilipoifunua menyu nikakuta pameandikwa "mogo". Binti yangu akaniambia ni muhogo huo. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Chini yake, "kuku paka". Nikasema huyu ndiye wangu, tuone watu wa huku wanampika vipi. Tukaagiza pia dali, wali, na vile vichapati vyao vyembamba vya kupakwa samli.

Bi Somo, kuku alikuja amepauka. Mchuzi mzito kama uji, nazi ni ile ya pakiti ambayo naijua hata nikifumba macho, ndimu haisikiki, na moshi wa makaa hakuuona kabisa. Dali nayo ilikuwa na sukari. Sukari, kwenye mchuzi!

Basi nikaanza. Nilisema, "Huyu ni kuku wa paka kweli, tena paka wa Kibokoni angemnusa akapita." Wale Wakenya wawili wakacheka, nami nilipoona wanacheka nikapata nguvu. Nikasema, "Hawa wamekaa na Wazungu mpaka wamesahau kupika." Na la mwisho, ambalo mkono wangu mzito kuliandika, nilisema, "Mhindi ni Mhindi tu, hajali umekula nini, anajali umeacha shilingi ngapi." Binti yangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikamwambia, tena kwa sauti, "Waogopa nini? Nani hapa atakayetuelewa?"

Meza ya pili kutoka yetu palikuwa na mzee mwembamba wa sweta ya kijivu, anakunja vitambaa. Hakugeuka. Baadaye akaja na sinia ya vikombe vitano vya chai ambayo hatukuiagiza. Kikombe cha kwanza aliniwekea mimi, akasema kwa Kiswahili kisicho na kasoro, polepole: "Mama, chai hii nimeichemsha mwenyewe. Hii bado sijaisahau." Akarudi jikoni, hatukumwona tena.

Bili ililetwa na kijana. Kuku hakuwamo. Binti yangu alipouliza, kijana akasema, "Babu amesema asilipiwe, mgeni hakumpenda."

Ndani ya basi hakuna aliyesema neno. Nyumbani binti yangu alilia. Kesho yake mmoja wa wale wenzake alitueleza kwamba mzee yule alizaliwa Jinja, na kwamba walifukuzwa Uganda wakati wa Amin akiwa kijana wa miaka ishirini hivi. Picha ile ya ukutani ni duka la baba yake. Na yule Mfilipino, ambaye hakuwa ameelewa kitu, aliuliza kilichotuchekesha, akaelezwa chote. Tangu hapo hajanisalimu kama alivyokuwa akinisalimu.

Sasa nimegawanyika. Moyo waniambia nirudi nikamwombe radhi. Binti yangu hataki hata kusikia. Asema nikienda nitafukua aibu ambayo yeye ndiye atakayebaki nayo, mimi nikipanda ndege. Dada yangu wa Mombasa, nilipompigia, ameniambia nitie pesa ya kuku ndani ya bahasha, na zaidi kidogo, nimpelekee yule kijana mambo yaishe. Na kuna kitu kingine kinanikera: chakula kile kweli hakikuwa kizuri. Nikienda, nimdanganye kwamba kilikuwa kitamu? Halafu naogopa. Nikifika pale mlangoni nitasema nini?

Mama wa Kibokoni, sasa Leicester

Jibu la Bi Somo

Dada yangu, wa aleikum salaam.

Nenda. Barua yako imenifikia Alhamisi na kwa hesabu yako zimebaki siku saba, kwa hiyo natanguliza jibu, sababu zifuate.

Bahasha hapana. Hilo la dada yako limetoka kwenye nia njema, lakini litazame tena. Wewe ulisema mzee yule hajali umekula nini, anajali umeacha shilingi ngapi. Alikusikia, akaenda akafuta bei ya kuku. Hilo ndilo jibu lake, na hakupandisha sauti kulitoa. Ukimpelekea pesa ndani ya bahasha utakuwa umelirudia neno lile lile, safari hii kwa maandishi. Hata ukifikiria kuacha bakshishi nono mezani, haitamfikia yeye: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 sheria ya Uingereza inamtaka mwajiri awape wafanyakazi bakshishi yote. Waachie vijana, watashukuru, lakini usiihesabu kuwa ni radhi.

Wewe ni Muislamu kama mimi, na unajua tulivyofundishwa chuoni. Ulichomkosea Mwenyezi Mungu unakiombea kwake popote ulipo, hata juu ya mkeka wako wa Kibokoni. Ulichomkosea mja kina mwenyewe, na mwenyewe yuko mwendo wa basi moja kutoka hapo ulipolala. Ukishapanda ndege hutakuwa na njia.

Sasa niingie jikoni nawe, maana wewe ni mpishi na nadhani utanisikia vizuri zaidi tukianzia huko.

Ulilicheka jina "kuku paka". Hilo ni jina letu lililoliwa kidogo na safari: kuku wa kupaka. Anachomwa makaani, kisha anapakwa tui lenye ndimu au ukwaju, anarudishwa motoni, anapakwa tena. Wahindi wa Mombasa, Unguja, Dar es Salaam na Kampala wamempika miaka na miaka, na walipohama walihama naye. "Mogo" ni muhogo wako. Ukienda Wembley, London, au hapo Leicester, utaukuta umekaangwa na pilipili na ndimu, na vijana waliozaliwa huko wanauagiza bila kujua kwamba wanataja neno la Kiswahili. Mimi nilipoliona neno lile kwenye menyu mara ya kwanza nilishikwa na kitu kooni. Watu waliondoka na masanduku machache, na ndani yake walifunga muhogo.

Hiyo dali iliyokushtua, je, unajua ni nafaka gani? Dali ya Wagujarati, Wahindi wa jimbo la Gujarat, hupikwa kwa tuvar, na tuvar ni mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa. Mbaazi, dada yangu, hizo hizo unazouza wewe barazani na mahamri. Wewe unazitia nazi. Gujarat wanazitia sukari guru na kitu cha uchachu, ndimu au kokum, ili utamu na ukali vikae pamoja. Walikuwa wakizipika hivyo kabla bibi zao hawajapanda jahazi. Mzungu hakuitia sukari ile. Tena Jinja alikozaliwa mzee wako ni jirani na Kakira, mashamba ya miwa ya akina Madhvani. Pengine huko sukari guru haikuwa kitu cha kutafuta mbali.

Kuhusu nazi ya pakiti sikubishii. Tui la kukuna kwa mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu halina mfano. Lakini jiulize mtu aliyefika katikati ya Uingereza mwaka 1972, mbali na bahari, na mnazi hauoti. Alitumia alichokiona dukani: nazi kavu, au kile kipande cheupe kilichogandishwa kama sabuni. Kuku akamwingiza kwenye oveni, kwa kuwa makaa ndani ya nyumba za kupanga za huko ni kuitafuta zimamoto. Akapika hivyo miaka hamsini. Watoto wake wamekua na ladha hiyo, na kwao hiyo ndiyo ladha ya kuku paka. Wewe ulipoionja uliona upungufu. Yeye akiionja, nadhani, anaona alichoweza kukiokoa.

Na hili la "Mhindi ni Mhindi tu" halikai hata ukiacha ubaya wake. Mikahawa mingi ya Uingereza inayojiita ya Kihindi ni ya Wabangladeshi, hasa watu wa Sylhet, ambao wazee wao walikuwa mabaharia kwenye meli za Waingereza, wakashuka bandarini wakabaki. Huko ndiko utakakokuta korma ya krimu, na vindaloo ambayo jina lake ni la Wareno waliokaa Goa, nyama ya siki na kitunguu saumu. Jiko lao lina utaratibu wake: sufuria kubwa moja ya kitunguu kilichochemshwa na kusagwa pamoja na tangawizi, saumu na nyanya, hiyo ndiyo mama wa michuzi yote. Mteja akiagiza, upawa mmoja unatiwa kwenye karai la moto na viungo vya mchuzi ule, dakika kumi sahani iko mezani. Ndiyo maana mtu wa kwetu hula michuzi mitatu akaona ndugu. Jiko la mzee wa Belgrave Road ni lingine kabisa, la Wahindi wa Afrika Mashariki, na pengine lina udugu zaidi na jiko lako kuliko na la hao Wasylhet. Bajia unazokaanga Ramadhani jina lake umelitoa kwa nani? Chapati? Achari? Kachiri?

Nimelikawiza la Uganda kwa kuwa ndilo lililonikosesha usingizi nilipoisoma barua yako.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Watu waliozaliwa pale, ambao baba zao na babu zao wamezikwa au kuchomewa pale, waliacha maduka, nyumba na akaunti za benki. Waasia wapatao 28,000 waliingia Uingereza. Na kabla hawajafika, mwezi wa Septemba, halmashauri ya jiji la Leicester, jiji hilo hilo ulilomo, ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwaambia kwamba jiji limejaa, nyumba na shule hazitoshi, wasije. Walikuja. Barabara uliyotembea Jumamosi, yenye dhahabu na sari, ndiyo waliyoijaza wao na wenzao waliotoka Kenya miaka michache kabla, baada ya kubanwa na sheria za vibali vya kazi na biashara za mwaka 1967.

Kwa hiyo kijana yule wa Jinja aliambiwa hatakiwi alikozaliwa, na kwa maneno ya gazetini akaambiwa hatakiwi alikokuwa anakimbilia. Sasa ni mzee wa miaka sabini na kitu. Jumamosi anakunja vitambaa vyake, anasikia Kiswahili mezani. Sijui moyo wake ulikuwaje katika ile dakika ya mwanzo, lakini naweza kuukisia wangu ungekuwaje: ningesogea karibu nisikilize, ningetafuta sababu ya kuja kuwasalimia. Pengine ndiyo maana alichagua kukunjia vitambaa meza ya pili kutoka yenu. Kisha akasikia ulichokisema.

Sikuambii haya ili nikuponde. Umejiponda vya kutosha, na aliyekosa haya asingeniandikia. Nakuambia ili ujue unakwenda kuomba radhi ya nini. Neno la paka si zito sana. Mpishi amezoea, na wewe mwenyewe umewahi kusikia watu wakiisema biriani yako harusini huku wakijaza sahani ya pili. Zito ni lile la pesa, na lile la "wamesahau". Hayo mawili ndiyo utakayoyataja kwa jina.

Sasa namna ya kwenda. Usiende jioni ya Ijumaa wala Jumamosi. Mtu aliyezidiwa na oda hawezi kupokea radhi, ataipokea kwa adabu tu ili upite. Nenda Jumatatu au Jumanne, na binti yako apige simu kwanza, maana mikahawa mingi ya huko hupumzika siku moja mwanzo wa wiki, na mingi hufunga mchana kati ya chakula cha adhuhuri na cha jioni. Fika wanapofungua tu. Vaa vizuri, kama unayekwenda kwa wakwe.

Mwulize kijana, "Babu yupo? Mwambie ni yule mama wa Jumamosi." Usimfiche kwamba ni wewe. Akikataa kuonana nawe, hiyo ni haki yake. Usimlazimishe, usilie mlangoni watu wakakutazama. Mwachie kijana salamu na maneno mawili ya karatasini, kwa Kiswahili, mkono wako mwenyewe.

Akitoka, mwamkie shikamoo. Hilo tu kwanza. Kisha sema kwa ufupi: "Mzee wangu, Jumamosi nilisema maneno mabaya juu yako na juu ya watu wako. Nilisema unajali pesa. Nilisema mmesahau kupika. Niliyasema kwa kuwa nilidhani hakuna anayenielewa, na hilo ndilo baya zaidi. Naomba unisamehe." Halafu nyamaza. Najua kunyamaza ni kugumu kwako, umekiri mwenyewe, lakini hapo ndipo pa kunyamaza. Usiseme "kama nimekuudhi". Ulimuudhi, hapana kama. Usiseme ulikuwa unatania. Usimhesabie majirani zako Wahindi wa Mombasa uliokua nao. Na usianze kulia mpaka yeye akawa na kazi ya kukubembeleza.

Ukiwa na kitu cha nyumbani sandukuni, mpelekee. Ningependa kiwe kachiri za muhogo za Mombasa, zile za pilipili na ndimu, kama zimebaki. Usipike nyama wala kuku ukampelekea. Hujui anakula nini na hali nini, na kumpelekea mpishi chakula ulichokipika wewe baada ya kukisema chake ni kumwonyesha tena kwamba unapika kumshinda. Kachiri zina neno jingine kabisa. Muhogo wa kwetu huo, na yeye ataujua kabla hajafungua mfuko.

Umeniuliza umdanganye? Hapana, tena hilo lisikusumbue. Radhi yako haihusu chumvi wala nazi, kwa hiyo usilete habari ya ladha, si sifa wala kasoro. Ila agiza. Kaa mezani kama mteja, agiza kuku paka yule yule na dali ile ile, ule, ulipe. Onja dali safari hii ukijua kuwa ni mbaazi. Sikuahidi utaipenda, mimi mwenyewe ilinichukua miaka. Ikiwa yeye ndiye atakayeuliza, mpishi kwa mpishi, "Mama, kwenu mnamfanyaje kuku huyu?", basi mweleze ukweli wote, makaa, tui la kwanza na la pili, ndimu mwisho. Na wewe umwulize mama yake alimpika vipi kule Jinja. Hilo ndilo swali ambalo ungeliuliza Jumamosi ile ungekuwa na jioni nyingine.

Wasomaji wengine wanaosafiri nawaomba walishike jambo hili dogo. Sahani isipokupendeza ugenini, mwite mhudumu baada ya tonge mbili, si baada ya kumaliza nusu, umwambie kwa lugha anayoielewa na kwa sauti ya chini: hiki ni kitamu mno kwangu, mna kingine? Huko Uingereza hilo si tusi, wamezoea. Maoni mengine yasubiri mpaka nyumbani. Na tusikidhanie Kiswahili kuwa ni chumba chenye mlango. Niliwahi kumsikia dada mmoja wa kwetu akimtukana muuza vitambaa katika soko la Mutrah, Muscat, na mzee akamjibu kwa Kiunguja cha Mji Mkongwe, neno kwa neno, bila hasira. Nimekikuta Kiswahili kwa wazee wa Kihindi pia, kwenye foleni za uwanja wa ndege, na kila mara uso wa mzee hufunguka akisikia "jambo". Wengi wao hawajakiongea na mtu miezi mingi.

Limebaki la binti yako, na hapa naona umenielezea aibu yake kama kikwazo, ilhali na yeye unamdai radhi. Alikukanyaga mguu, ukamdharau mbele ya wenzake. Leo usiku, kabla ya habari ya mkahawa, mwambie hilo. Usimwombe ruhusa ya kwenda kwa mzee, kwa kuwa kosa ni lako wala si lake, lakini mwambie waziwazi siku na saa utakayokwenda, na kwamba si lazima aje. Anasema yeye ndiye atakayebaki na aibu ile. Ni kweli, na ndiyo sababu kubwa ya kwenda: usipokwenda, atapita mbali na barabara hiyo miaka yote ya kazi yake Leicester. Yule Mfilipino naye mtafute. Ameelezwa ulichokisema, hajaelezwa kwamba umejuta, na yeye pia ni mtu wa mbali anayefanya kazi katika nchi ya watu. Hajui ukiwa na wenzako unamsema nini. Wale wawili waliocheka hawahitaji hotuba. Waambie tu kwamba ulirudi.

Nikirudi kwa mzee: chai ile nimeifikiria sana. Ameikasirikia kauli yako, akaenda jikoni, akachemsha maziwa, akatwanga iliki, akakuletea wewe kwanza. Hukuniambia kama uliinywa. Kama ulikiacha kikombe kimejaa, basi Jumatatu au Jumanne, ukishamaliza kuku wako, umwagize chai, na umwambie kwamba ile ya Jumamosi ilikushinda kumeza kwa haya, si kwa ladha.